Fadhila za Kuitikiwa

Kazi nyingi za mikono zimekwisha kupata sifa zao katika lugha yetu. Seremala amesifiwa kwa randa yake, mhunzi kwa fuawe lake, mjenzi wa jahazi kwa jicho lake lipimalo ubao pasipo kamba, na mfinyanzi ametolewa mithali hata akawa hoja ya wenye hekima. Lakini iko kazi moja iliyozaliwa mbele ya macho yetu, katika muda usiozidi miaka ishirini, ambayo haijapata mtu wa kuisifu, labda kwa sababu mwenye kuifanya haonekani kushika chombo chochote ila simu, na mtu ashikaye simu hudhaniwa anacheza. Nakusudia kazi ya wale vijana wa Nairobi, waume kwa wake, waliokabidhiwa kurasa za watu wengine katika mitandao ya kijamii ili waziandikie, wazilinde, na zaidi ya yote wawajibu wanaozitembelea. Utawakuta katika maghorofa ya Westlands na Kilimani, katika vyumba vya kupanga vya Kawangware na Kangemi, katika mikahawa ya Ngong Road ambako kikombe kimoja cha kahawa humpa mtu haki ya kukaa asubuhi nzima, na hata ndani ya matatu namba 23 ipandayo Waiyaki Way, kidole kikienda mbio huku kondakta akidai nauli. Natunga insha hii kuwasifu, na kueleza ni kitu gani hasa wakijuacho ambacho sisi wengine hatukijui.

Mtu asiyeielewa kazi hii hudhani kuwa chapisho likienea limeenea kwa sababu moja katika mbili: ama bahati, ambayo haina mwalimu, ama kelele, ambayo haina haya. Akiliona neno la jirani yake limefika kwa watu laki tatu ilhali lake limelala na watu kumi na wawili, husema jirani ana nyota. Na akichoka kuilaumu nyota huongeza sauti, huongeza rangi, huongeza alama za mshangao, akangojea umati uje. Umati hauji. Hauji kwa kuwa ameandika kama abandikaye amri ya serikali ukutani, jambo lililokwisha kukatwa, lisilotaka kwa msomaji ila utii. Na msomaji wa mtandaoni, ambaye hana askari wa kumsimamia, huitikia amri kwa kupita. Mafundi ninaowasifu wanajua kinyume cha hayo: kwamba neno halisafiri kwa nguvu ya aliyelisema bali kwa hisani ya waliolijibu, na kwamba ustadi wote wa kazi yao, ukiuchuja mpaka tone la mwisho, ni ustadi wa kumwachia mwenzio nafasi ya kusema.

Siri hiyo ina hesabu yake. Mitandao hii, kila mmoja kwa desturi yake, haimwonyeshi kila mfuasi kila chapisho; chapisho jipya hupelekwa kwanza kwa watu wachache, kisha algorithimu, yaani ile kanuni ya kompyuta ipangayo nani aone nini, hutazama wachache hao watatenda nini: kama watapita, kama watasimama, na wakisimama, kama watatia alama ya kupenda tu, au watalisambaza, au watalijibu. Kwa kadiri ya mwitikio huo ndipo chapisho hupelekwa kwa mamia wengine, kisha maelfu, au huachwa life pale lilipozaliwa. Kwa miaka mingi mizani hiyo ilifichwa, hata tarehe 31 Machi 2023 wenye Twitter walipoweka hadharani sehemu ya programu yao. Na katika maelezo yaliyoandamana nayo watu wakasoma, kwa mara ya kwanza, uzani wa kila tendo kwa majira yale. Uwezekano wa chapisho kupendwa ulizidishwa kwa 0.5, wa kusambazwa kwa 1, wa kujibiwa kwa 13.5, na uwezekano wa kujibiwa kisha mwenye chapisho akalishughulikia jibu lile ulizidishwa kwa 75. Ama chapisho lililoelekea kushitakiwa na wasomaji lilitozwa 369 kwa upande wa hasara. Tarakimu hizo zilikuwa za kubadilika, na yamkini zimekwisha badilika mara nyingi, lakini maana yake haikuchakaa: mbele ya mashine ile, mtu mmoja aliyejibiwa akathaminiwa alikuwa na uzito wa watu 150 waliopenda wakaenda zao.

Kwa mtu wa pwani jambo hilo halina ugeni. Mtambaji wa ngano husema "Paukwa!" kisha hunyamaza, na mpaka "Pakawa!" irudi kutoka kwa waliokaa, hakuna ngano; vivyo hivyo mwenye kitendawili hakitegi mpaka aambiwe "Tega!". Kabla ya neno kubwa kutoka, hutangulizwa neno dogo la kumwomba msikilizaji ridhaa yake, ili lile kubwa litakapokuja limkute amekwisha kuwa mshiriki. Na washairi nao hawakuwa mbali na adabu hiyo. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi mwishoni mwa karne ya 18 hata yapata mwaka 1840, alitunga katika zama za ugomvi wa Mvita na Lamu, na mashairi yake hayakwenda kukaa rafuni; yalivuka maji, yakajibiwa na malenga wa upande wa pili, miongoni mwao Zahidi Mngumi, na kila jibu likawalazimu watu kulikumbuka swali. Hakukuwa na kitabu. Miongo mingi baada ya kifo chake, Mwalimu Sikujua wa Mombasa aliyakusanya kutoka vifuani mwa waliokuwa wameyahifadhi, akasaidiana na mmisionari W. E. Taylor kuyaandika, na diwani ikachapishwa mwaka 1940, karne moja au karibu nayo tangu mtunzi azikwe. Ni mitandao mingapi ya leo ingeweza kuliweka hai neno la mtu kwa muda huo, pasi na umeme wala karatasi, kwa sababu tu lilitungwa namna ya kuwafanya wengine watake kulijibu au kulikariri?

Baada ya vinywa yakaja magazeti. *Mambo Leo*, lililoanza kutoka Dar es Salaam mwaka 1923, liliwapa washairi kurasa, na washairi wakazigeuza baraza: mmoja hutupa swali katika toleo hili, na majibu humjia miezi baadaye kutoka miji asiyoijua, nayo hujibiwa kwa bahari na vina vile vile. Kisha ikaja redio, na hapa hoja inaingia Nairobi yenyewe. Wenye umri wanazikumbuka kadi za salamu, ambazo msikilizaji alizinunua, akazijaza majina ya jamaa na rafiki, akazitia posta kwenda Sauti ya Kenya, kisha akaketi siku kwa siku akingoja mtangazaji azisome. Ukilipima kwa vipimo vya habari, kipindi kile hakikuwa na kitu: hakuna tukio, hakuna mafunzo, ila majina juu ya majina, walakini nchi nzima ilitega sikio, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na tumaini la kusikia lake, na akishalisikia huwaambia majirani, na majirani nao hununua kadi. Katika nyumba hiyo hiyo ya utangazaji, tangu mwaka 1966, Leonard Mambo Mbotela aliendesha kipindi ambacho jina lake lilikuwa swali, *Je, Huu ni Ungwana?*; alisimulia kioja cha mtu apigaye kelele matangani au achunguliaye sufuria ya mwenyeji, kisha hukumu akaiacha sebuleni kwa wasikilizaji, wakagombana nayo mpaka wiki ifuatayo. Marehemu Mbotela, aliyefariki Februari 2025, hakupata kuitwa mtaalamu wa mitandao, lakini alijua zaidi ya nusu karne mbele ya wengi kwamba swali linalomruhusu mtu kuwa kadhi kwake mwenyewe halizimiki upesi.

Anayetaka kuiona elimu hii ikitendwa kwa sauti na atembee katikati ya jiji mpaka Bustani ya Jeevanjee, ile ambayo A. M. Jeevanjee aliwatolea wakazi wa Nairobi mwaka 1906. Chini ya miti yake, kwa miaka mingi, imeketi ile jamii ya wananchi wajiitao Bunge la Mwananchi, wakijadili bei ya unga, sheria, vyama na dini. Simama kando utazame ni nani anayepata watu. Si yule mwenye koo pana. Huyo hupata wasikilizaji wa kupita, wenye mguu mmoja tayari umeelekea Moi Avenue. Anayepata watu ni yule asemaye jambo moja ambalo aliye mbele yake hawezi kuliacha bila kuongeza au kupunguza, kisha akanyamaza kwa wakati. Mtu wa pili akiingilia, humsikiliza kwa makini, huyataja aliyoyasema, humpa sehemu ya ushindi. Na hapo wapita njia, wakiona watu wawili wanabishana kwa insafu, husimama, duara likakua, na walio nje ya duara wakaanza kuulizana kuna nini. Algorithimu haikubuni kitu kipya. Ilijifunza kuhesabu duara.

Sasa tuitazame kazi ikifanywa. Chukulia mama mwenye kibanda cha viatu vya mitumba katika soko la Toi, karibu na Ngong Road, ambaye amemwajiri binti wa jirani amshikie ukurasa. Mgeni wa kazi angepiga picha ya viatu na kuandika kuwa mali mpya imefika, karibuni nyote; naye angepata alama tatu za kupenda, mbili kutoka kwa shangazi zake. Binti aliyefunzwa hufanya vingine. Hupanga jozi mbili ubavu kwa ubavu, moja ya ngozi nyeusi yenye kisigino kipana, ya pili ya rangi ya kahawia isiyo na kisigino, kisha huuliza: mtu ateremkaye Kencom saa moja asubuhi na kutembea mpaka Upper Hill, avae ipi? Tazama hekima iliyomo. Swali lile halihitaji elimu yoyote ila ya miguu. Kila mfanyakazi wa Nairobi ana jibu, na kila mwenye jibu ana kisa cha siku alipokatikiwa na kisigino au kunyeshewa na mvua. Halikuulizwa kwa upana usioshikika, kama wale waandikao "mnaonaje?", ambao hupata kimya kwa kuwa wameuliza kila kitu, wala halikuulizwa kwa ufinyu wa ndiyo na siyo, ambao humaliza mazungumzo kwa neno moja. Limewekwa katika kimo cha mkono wa msomaji.

Kuuliza, hata hivyo, ni nusu ya kazi, na ni nusu iliyo rahisi. Jina la fundi hupatikana katika saa moja inayofuata, wakati ambapo mtu wa kawaida angeweka simu mfukoni akaenda kunywa chai, naye binti wa Toi haendi popote. Akija wa kwanza kusema nyeusi, hamwambii "asante" peke yake, kwa maana asante peke yake ni mlango uliofungwa kwa upole, humwambia, "Asante dada, na ile nyekundu uliyoichukua mwezi jana, ilivumilia matope?" Naye yule dada, ambaye hakutazamia kukumbukwa, hurudi na habari ya matope, na habari yake humwita wa tatu. Akija mzee akauliza kama viatu hivyo vyamfaa mtu mwenye mguu wa kuvimba, hamjibu kwa Sheng aliyomjibia kijana wa Kawangware dakika mbili zilizopita, humwandikia, "Karibu mzee wangu, njoo na soksi yako nzito tuvijaribu pamoja, na kiti kipo." Akija mwenye hasira kwamba jozi aliyoinunua iliachana soli siku ya pili, hamfuti wala hambishii, bali humwomba radhi mbele ya watu wote na kumwita airudishe, akijua kuwa wasomaji mia wanaotazama kimya wanapima si soli bali uso wa mwenye duka. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Na katika ukurasa huu methali hiyo inatimia, kwa kuwa kila mgeni aliyekaribishwa sawasawa huliinua chapisho lionekane na wengine ambao hawakuwa wakilijua soko.

Kuna na elimu ya saa, ambayo haiandikwi popote ila hujulikana kwa kuzoea jiji. Fundi anajua kuwa saa moja asubuhi foleni ya Waiyaki Way na ya Ngong Road imeshika watu elfu kwa maelfu ndani ya magari, macho yao hayana kazi. Anajua kuwa saa saba mchana wafanyakazi wa maofisini wanashika simu kwa mkono mmoja na kijiko kwa mkono wa pili. Anajua kuwa saa tatu usiku, watoto wakishalala, ndipo majibu marefu hutoka, yale ya mtu aliyetua mzigo wa siku. Swali jepesi hulipeleka asubuhi, lenye kuhitaji fikira hulibakiza usiku. Na kuna elimu ya kujizuia. Wako wauzaji waliogundua kwamba wakificha bei, wakaandika njoo faraghani nikwambie, watu watajazana kuuliza "ngapi?", na kila "ngapi?" itahesabiwa kuwa jibu. Hesabu inapanda, kweli, lakini aulizaye anajua kuwa ameburutwa, na mara ya tatu haulizi tena. Fundi wa kweli huandika bei wazi, shilingi kwa shilingi, kisha huuliza jambo jingine lenye faida kwa anayejibu. Ametambua tofauti iliyopo baina ya kumpa mtu nafasi ya kusema na kumlazimisha kusema.

Faida hiyo ya anayejibu ndiyo iliyokuza Ma3Route, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 2012 na Laban Okune, ikawa mahali ambapo msafiri humweleza msafiri hali ya barabara. Asili ya ukurasa ule ni kwamba mwenyewe haandiki karibu kitu: aliyekwama Kangemi hupeleka habari, aliye nyuma yake huisoma, hukata kona kupitia Lower Kabete, kisha naye hupeleka habari ya huko alikotokea, kwa sababu ya shukrani na kwa sababu ya uchungu. Kuitikia na kuandika vimekuwa kitu kimoja. Hapo utaona kilele cha ufundi huu, mahali ambapo mwenye ukurasa amejiondoa kiasi cha kubaki mpokezi wa salamu, kama mtangazaji wa zamani na rundo lake la kadi, ilhali jiji zima linamtegemea.

Lakini isidhaniwe kuwa nafasi ya kujibu ni ya maneno tu. Tarehe 8 Agosti 2017, siku ya uchaguzi mkuu, mtu mmoja wa Kayole alipigwa picha akiwa katika foleni ya kura, anakula githeri kutoka katika mfuko wa nailoni kwa utulivu wa mtu asiye na deni na serikali yoyote. Nchi ilikuwa imejaa hofu. Picha ile ilienea kuliko hotuba zote za wagombea, na sababu ya kuenea kwake, nionavyo mimi, haikuwa uchekeshaji wake peke yake, maana picha za kuchekesha ni nyingi; ilikuwa kwamba kila aliyeipokea aliweza kuifanyia kazi. Huyu alimkata akambandika baina ya marais kwenye meza ya mkutano, yule akampandisha mwezini, mwingine akamweka katika tangazo la biashara, na kila mbandikaji akawa na haki ya kuitangaza picha kama yake. Watu hawakusambaza picha ya mtu wa githeri. Walisambaza walichokitenda wao juu yake, na ndiyo maana hawakuchoka. Desemba ya mwaka ule mtu yule alitunukiwa nishani na Rais wa wakati ule. Na mfuko wake wa nailoni, kwa kioja cha historia, ulikuwa umepigwa marufuku siku 20 baada ya ile picha.

Mara nyingine jibu lenyewe ndilo huwa chapisho. Machi 2012, baada ya mabomu ya kurushwa kwa mkono kuua watu katika kituo cha mabasi ya Machakos jijini, CNN walitangaza habari ile chini ya maandishi yaliyofanya ionekane kana kwamba Kenya yote inawaka. Wakenya wakaitikia kwa hashitegi ya kumtaka mtu awaambie CNN, na mwandishi wao akaomba radhi. Julai 2015, Obama akiwa karibu kuzuru Nairobi, CNN hao hao wakaiita nchi kitovu cha ugaidi. Hashitegi ile ikafufuka yenyewe kwa nguvu zaidi, na mwezi uliofuata Tony Maddox, mkubwa wa CNN International, akasafiri mpaka Nairobi kuomba radhi. Neno lililoachwa wazi, "mtu awaambie", lilikuwa na pengo la kujazwa na kila mwananchi: huyu awaambie juu ya bahari yetu, yule juu ya wakimbiaji wetu, wa tatu atie mzaha wake. Sentensi iliyotimia isingepata watu elfu wa kuimalizia.

Na mwaka 2024 ufundi huu uliingia katika mambo mazito kupita mzaha. Muswada wa Fedha wa mwaka ule, uliokuwa na pendekezo la kodi ya asilimia 16 juu ya mkate na asilimia 2.5 ya thamani ya gari, ulikuwa waraka mrefu wa lugha ya kisheria ambayo raia wa kawaida haisomi. Vijana waliukata vipande, wakaueleza kwa video fupi, wakaufasiri kwa lugha za makwao, wakaketi usiku kucha katika vikao vya sauti vya X, ile iliyokuwa Twitter, ambamo mhasibu alijibiwa na mwuguzi na mwuguzi akajibiwa na mwendesha bodaboda. Na kila aliyefahamishwa akawa mfahamishaji. Juni 25 waandamanaji waliingia Bungeni, watu wakapigwa risasi, na siku iliyofuata Rais William Ruto akatangaza kuwa hatautia sahihi muswada ule. Julai 5 yeye mwenyewe akaja katika kikao cha X kuulizwa maswali na vijana wale. Makumi ya watu walikufa katika siku hizo, na mauti yao hayawezi kuhesabiwa faida ya ufundi wowote. Nasema hili tu: waraka ule haukuenea kwa kuwa ulitangazwa, maana ulikuwa umetangazwa; ulienea ulipogawanywa katika maswali ambayo mtu wa Kangemi aliweza kuyajibu kwa kutazama gunia lake la unga.

Haki inatudai tuseme na aibu za kazi hii, maana kila ufundi una waghushi wake. Wakuu wa Facebook, tangu mwaka 2017, waliipa alama ya hasira, pamoja na alama nyingine za hisia, uzito mara tano ya alama ya kupenda, na ghadhabu ikapanda daraja kwa kuwa mtu aliyekasirika hujibu upesi kuliko aliyeridhika. Ilibidi baadaye wauondoe uzito huo. Na hapa kwetu, mwaka 2021, ripoti ya Mozilla iliyoandikwa na Odanga Madung na Brian Obilo ilifichua jinsi watu wa kukodiwa walivyolipwa fedha kidogo kuvumisha hashitegi za kisiasa na kuwachafulia majina majaji na wanaharakati katika mjadala wa BBI, ule mpango wa kuirekebisha katiba. Huo ni umati wa kununua: vinywa vingi na moyo mmoja, ambao hata si wao. Chapisho la namna hiyo hupanda asubuhi na kushuka jioni, kwa kuwa hakuna aliyebaki kulitetea baada ya malipo kwisha. Ama lile lenye kuitikiwa kwa hiari, hata likiitikiwa na watu arobaini tu, huacha nyuma yake watu arobaini wanaojuana na kurudi.

Kwa hiyo sifa yangu haiwaendei wote wenye wafuasi wengi. Inawaendea wale ambao, wakishasema, hubaki. Wanaomwita mteja kwa jina lake, wanaomwacha mwenye hoja bora kuliko yao aonekane bora, wanaovumilia tusi moja ili wasimpoteze msomaji wa kweli aliye pembeni, na wanaokataa kuuza hasira ingawa hasira ina soko. Waajiri wao wa Westlands na Upper Hill, kila mwisho wa mwezi, huwadai idadi ya macho yaliyoliona chapisho, wakawapima kwa hiyo na kuwalipa kwa hiyo, na wengi huwalipa kama watu waliokuwa wakicheza. Wangewatendea insafu zaidi, na kuitendea insafu biashara yao, kama wangeuliza maswali mawili mengine: wangapi walijibu, na wangapi kati yao walijibiwa. Mwenye majibu mazuri kwa maswali hayo mawili ni fundi aliyehitimu, na fundi aliyehitimu hulipwa ujira wa fundi.